Pesa ya korosho ni ya miezi mitatu, mtoto anakula mwaka mzima

Huku Mtwara na Lindi pesa haiji kila mwisho wa mwezi. Kwa kaya nyingi inaingia kwa mkupuo, minada ikianza Oktoba, na ikifika Februari imebaki hadithi. Mtoto wa mwaka mmoja hajui stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa korosho kukaa ghalani hadi mnadani, wala kwamba malipo ya mnada wa pili yamechelewa. Anachafua nepi Julai kama anavyozichafua Desemba. Pengo hilo ndilo linalompeleka mzazi kwa mtu wa kangomba, mnunuzi wa magendo, mwezi wa nane, korosho ikiwa bado ua mtini, auze kwa bei ya kutupa kwa sababu ya pampasi na sukari.

Kubana matumizi ninakokusema hapa si kumnyima mtoto. Ni kupunguza vile vitu vinavyodai shilingi mkononi kila asubuhi.

Tuanze na nepi, maana ndizo zinazokula pesa kimyakimya. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku. Ukihesabu pampasi 8 tu, mwezi ni 240. Sasa chukua khanga. Doti ina vipande viwili, kila kimoja kama sentimita 150 kwa 110. Kata kipande katikati kwa urefu, kisha katikati kwa upana, upate nepi nne za sentimita 75 kwa 55. Doti tatu ni nepi 24: dazeni ya kuvaa leo na dazeni iliyo kambani. Kiangazi zinatosha kabisa. Mvua zikianza, nguo inaweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka, kwa hiyo ongeza doti moja na nusu ufikishe 36.

Tafuta khanga kuukuu. Bibi na mashangazi wanazo tele sandukuni, na ukuukuu kwenye nepi ni sifa, si aibu. Khanga mpya ina dondo, yaani wanga wa kukazia kitambaa, na dondo linazuia maji. Dondoshea tone la maji juu yake uone: litasimama kama ushanga. Kwenye khanga iliyofuliwa miaka, tone linazama papo hapo. Kama huna budi ununue mpya, chagua ya pamba tupu, iloweke usiku kucha, ifue mara nne au tano, ndipo uikate. Pinda kingo uzishone. Uzi uliochomoka unaweza kujiviringisha kwenye kidole cha mguu cha mtoto na kukaba damu, nawe ukadhani analia njaa.

Kukunja: ikunje mara tatu kwa upana, upate utepe wa sentimita 18 hivi wenye urefu wa 75. Kisha kunja theluthi moja juu ya utepe huo ili sehemu hiyo iwe nene. Kwa mtoto wa kiume unene ukae mbele, kwa wa kike anayelala chali ukae nyuma. Utepe huu unauweka ndani ya kitambaa kingine kilichofungwa pembetatu. Pini ipite ikiwa imelala, vidole vyako viwili vikiwa kati ya kitambaa na tumbo la mtoto, akichomwa mtu uchomwe wewe. Pini ikigoma kupenya, ichomeke kwenye kipande cha sabuni kwanza, itateleza. Chupi ya nailoni juu yake ni ya safari au kliniki, si ya kutwa nzima. Joto la pwani likikutana na nailoni, upele hauchelewi.

Makosa mengi yako kwenye kufua. Maji ya visima vingi vya pwani ni magumu au yana chumvichumvi. Sabuni haitoi povu, mtu anaongeza sabuni, mabaki yanaganda kwenye kitambaa, nepi inakuwa ngumu kama gunia na makalio ya mtoto yanawaka. Dawa yake si sabuni zaidi. Fulia maji ya kisima ukitaka, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua. Choo kikubwa kitupwe chooni kwanza, nepi iende kwenye ndoo yenye mfuniko, na mara moja kwa wiki zichemshwe sufuria moja robo saa. Dawa ya kulainisha nguo usiiguse, inarudisha tatizo lile lile la dondo.

Anika juani, kambani, kamwe si chini mchangani wala juu ya majani. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye mchanga na nguo mbichi zilizo kivulini. Mayai yakigusa ngozi buu anaingia, na siku chache baadaye unaona jipu lenye tundu katikati. Wakati wa mvua, nepi zote zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mapindo na mshono. Mkaa wa pasi hapo si wa kuonea uchungu.

Sasa chakula. Hadi miezi sita ni maziwa ya mama tu, na hakuna cha bei nafuu kuliko hicho. Baada ya hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini na unga wa lishe wa vitu kumi na mbili: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, dagaa na vinginevyo, vyote vimesagwa pamoja. Unga wa namna hiyo una kasoro tatu. Karanga na ufuta vina mafuta, na unga wenye mafuta kwenye joto letu unachacha kabla hujaumaliza. Soya isiyokaangwa sawasawa inamsumbua mtoto tumbo. Na mtoto akipata mzio, hujui umlaumu nani kati ya hao kumi na mbili.

Saga nafaka peke yake, mahindi au mtama, kilo mbili mbili. Vingine viingie wakati wa kupika. Kwa kikombe kimoja cha uji: koroga vijiko viwili na nusu vya unga kwenye maji ya baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, pika dakika 15 ukikoroga, kisha tia kijiko kimoja kikubwa cha karanga zilizotwangwa laini kama unga. Siku nyingine badala ya karanga tia ufuta uliokaangwa na kutwangwa, au tui zito la nazi na kijiko cha dagaa wa unga. Dagaa wetu wa baharini wana chumvi nyingi, waloweke nusu saa, mwaga maji, wakaushe, uwakaange bila mafuta, ndipo utwange. Kipimo cha uji mzuri ni kijiko chenyewe: ukikiinua uji ubaki umekaa, usichuruzike. Uji wa kuchuruzika unajaza tumbo kwa maji, na tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo.

Ukiwa mzito anakataa? Tumia kimea. Loweka ulezi saa 12, uchuje, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili hadi uchipue, anika ukauke kabisa, sugua vichipukizi vitoke, saga. Uji mzito ukiiva uepue, subiri upoe kiasi cha kuweza kuuonja bila kuungua, kisha tia kijiko kidogo kimoja cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache utalegea wenyewe bila kuongezwa maji. Urudishe motoni uchemke mara moja. Ukikitia kimea kwenye uji unaotokota, kimekufa, hakifanyi kazi, na hilo ndilo linalowafanya wengi waseme ni uongo. Ukitumia mtama badala ya ulezi, vichipukizi vyake lazima viondolewe vyote, vina sumu ya jamaa ya ile ya muhogo mchungu.

Karanga zichaguliwe moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, itupwe, wala usimpe kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi ya kawaida ya nyumbani.

Mbaazi ndiyo nyama ya mwenye hesabu. Zinatoka kuanzia Julai, na hapo ndipo pa kununua debe, siyo Februari kwa kisado. Debe ni kama kilo 16. Ukipika robo kilo mara mbili kwa wiki, ni wiki 32, yaani zaidi ya miezi saba. Zikauke hadi ukiing'ata ipasuke kwa mlio, kisha uzijaze kwenye madumu ya maji yaliyokauka kabisa, mpaka shingoni, ukifunga kizibo kwa nguvu. Mdudu anakufa kwa kukosa hewa. Dumu likiachwa nusu, hewa iliyobaki inamtosha, na Novemba utafungua ukute unga. Kwa hiyo tumia madumu madogo ya lita tano, umalize moja ndipo ufungue jingine.

Mkaa unaoliwa na mbaazi unapungua sana ukiwa na jiko kapu. Kapu la ukindu lenye mfuniko, ndani mito miwili ya sufi, mmoja chini na pembeni, mmoja juu. Loweka mbaazi usiku, mwaga maji, chemsha nusu saa zikitokota kwelikweli, funika sufuria na uizamishe kapuni saa nne. Usifunue kuchungulia, kila ukifunua umeanza upya. Ukitoa, chemsha tena, ndipo tui na chumvi. Zikibaki ngumu baada ya hapo, chunguza maji kabla hujazilaumu: maji magumu ya kisima hayalainishi kunde yoyote.

Kuna jambo la muhogo ambalo nalisema kwa uzito kuliko yote. Ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, ni chakula chetu na ni wa bei nafuu, lakini muhogo mchungu uliokaushwa harakaharaka, ukiliwa siku nyingi bila mboga ya maana, unaleta konzo, yaani miguu kukakamaa na kupooza, na haiponi. Mkoa wa Mtwara umewahi kupata wagonjwa hao, na wanaoumia zaidi ni watoto na kina mama. Njia ya kupunguza sumu kwenye unga haigharimu chochote. Weka unga bakulini, chora alama ulipoishia. Tia maji ukikoroga, unga utashuka kisha upande tena, uishie pale pale kwenye alama. Utandaze kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inaondoka kama hewa. Pika ugali siku hiyo hiyo, ukilala unachacha. Tabaka likiwa nene, la chini linabaki na sumu yake, na hapo kazi ni bure. Na mboga iwe dagaa, mbaazi au kunde, kwa sababu mwili hutumia protini kuivunja sumu iliyobaki.

Vitafunio huku havinunuliwi dukani. Ming'oko ya kuchemsha, yaani viazi vya porini, embe mwezi wa kumi na mbili, na mabibo, tunda la mkorosho. Bibi kizee yeyote atakwambia bibo linakaba koo. Likate vipande, lichovye kwenye maji ya chumvi kidogo, ukakasi unapungua, na vitamini C yake inaizidi ya chungwa mara kadhaa. Doa lake halitoki kwenye nguo, kwa hiyo mtoto awe na shati moja la bibo, livaliwe msimu wote. Kubangua korosho ni habari nyingine. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi kama tindikali na moshi wake unachoma macho, hivyo watoto wawe mbali, upande upepo unakotoka. Na korosho nzima au karanga nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano. Itwange.

Chandarua hupaswi kununua ukiwa unahudhuria kliniki, hutolewa kwa wajawazito na kwa watoto wanapochanjwa surua. Watu wanakiharibu kwa kukifua kila wiki kwa sabuni kali na kukianika juani. Kimetengenezwa kuhimili mifuo kama 20. Sabuni ya kipande, maji ya baridi, kivulini, kila miezi mitatu. Tundu lishonwe siku hiyo hiyo.

Midoli sina mengi. Vifuu viwili na mchanga vinamaliza asubuhi nzima. Anayetaka gari, ndala iliyokatika inatosha: kandamizia kizibo cha chupa juu yake, kata kuzunguka kwa wembe, upate magurudumu manne kutoka kisiginoni. Ekseli ni njiti ya mnazi, bodi ni boksi. Tundu la gurudumu litobolewe kwa msumari mwembamba kuliko njiti, libane. Na tundu la boksi liwe kubwa kidogo, ili njiti izunguke humo. Ukigeuza hivyo viwili, gari litaburuta magurudumu, na utaitwa kulitengeneza kila baada ya dakika tano.