Sanda ya maneno

Jana tulimwosha jirani yetu. Wanaume wakampeleka makaburini Kikowani, sisi tukabaki nyumbani na udi na ndoo tupu. Shangazi yangu anaosha maiti tangu sijazaliwa. Nguo iliyomfunika marehemu haiondoi. Mkono wake hupita chini yake na maji hufuata humo humo. Kisha karafuu maiti, pamba, na vipande vitano vya sanda.

Usiku usingizi haukuja. Nikakifungua tena kitabu cha Scholastique Mukasonga wa Rwanda, La femme aux pieds nus, mwanamke atembeaye peku. Mama yake, Stefania, aliwausia mabinti zake: nikifa, nifunikeni, maiti ya mama haitazamwi. Mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, Scholastique alikuwa Ufaransa. Jamaa zake 37 waliuawa, Stefania miongoni mwao, na hakuwepo wa kumfunika. Kitabu ndiyo sanda aliyomshonea, tena kwa Kifaransa, lugha ambayo mama mwenyewe hakuijua.

Mara ya kwanza nilikisoma nikisubiri mapanga. Nikakuta mtama, jinsi unavyopandwa na kuvunwa. Nikakuta nyumba ya nyasi, uchumba, na mama anayewatafutia watoto maficho, anawafundisha kukimbia, miaka mingi kabla ya ile Aprili. Nilihisi kama nimenyimwa kitu. Leo naona haya kwa hamu ile, maana sijui nilitaka kuona nini. Magazeti yalikwisha tuonyesha miili ikielea mto Kagera kuelekea Ziwa Victoria, na hatukumjua hata mmoja wao kwa jina. Stefania namjua. Naujua mtama wake. Ndiyo maana kifo chake, ambacho sikukiona, kinaniuma kuliko picha zote zile.

Lakini siwezi kusema kufunika ndiyo njia pekee. Boubacar Boris Diop wa Senegal alikwenda Rwanda mwaka 1998 pamoja na waandishi wengine wa Afrika, akarudi na riwaya ya Murambi. Pale Murambi, kusini mwa Rwanda, katika iliyokuwa shule, miili imehifadhiwa kwa chokaa na kuachwa ionekane, asije mtu kukana. Kanisani Nyamata nguo za waliouawa zimelundikwa juu ya viti. Siku takriban 100, watu zaidi ya 800,000, na bado wapo wanaokana. Aliyenusurika anatakiwa awe shahidi na wakati huohuo awe mwosha maiti wa watu wake. Sijui mkono mmoja unawezaje kufanya yote mawili.

Asubuhi nikamsimulia shangazi. Alikuwa anaanika leso za jana kwenye kamba. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Hata leso hawakumtupia?"

"Hata leso, shangazi."

Akaniuliza jina lake. Nikamwambia. Akalitamka polepole, Stefania, kama anavyoyatamka majina ya wetu kabla ya kumwaga maji ya kwanza.