Mfuko wa Nne

Nilikuwa nimenuia kuandika juu ya ukaguzi wa hesabu, ambao hatimaye ulikwisha Jumatano baada ya wiki tatu za kufukua stakabadhi, na juu ya shemeji aliyejaliwa mtoto wa kiume, lakini kila nikikaa mezani usiku najikuta nimerudi jikoni, Jumatatu jioni, mikono ikiwa na povu hadi kwenye viwiko, namsikia binti yangu akiniuliza swali la maneno matatu.

Mliozoea kupita hapa mnajua kwamba kwangu vyombo haviwezi kuoshwa kimya kimya. Sauti sina, na sijawahi kudai kwamba ninayo. Ninaimba kwa sababu baba aliimba kila alipokuwa akifanya kazi, na mtu aliyekulia chini ya meza ya kukatia nguo haoni tofauti kati ya kazi na wimbo. Jumatatu nilikuwa nikiimba "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, na nilikuwa nimefika kwenye ule ubeti ninaoupenda kuliko yote, ambao nimewahi kuunukuu humu:

Nimeshona suruali, mifuko yake minne,
mitatu inazo shida, wa nne umetoboka.

Binti yangu, aliyekuwa akifuta sahani, hakugeuka.

"Mama, hicho kipande hakipo."

"Kipande gani?"

"Cha suruali. Nimeusikiliza wimbo wote kwenye simu, mara mbili. Hakuna suruali."

Nikamwambia kwamba huo alioupata huko utakuwa umekatwa, kwamba watoto wa siku hizi wanadhani kisichokuwa kwenye simu hakikuwahi kuwapo duniani, na kwamba mimi wimbo huo nimeujua tangu sijui kusoma. Kisha, kama mtu anayepigilia msumari wa mwisho, nikamuuliza: "Wewe ulikuwepo?"

"Na wewe ulikuwepo?"

Hakulisema kwa kiburi. Ningependa niseme kwamba alinijibu vibaya, maana hapo ningekuwa na haki ya kumgombeza na mambo yangeishia pale, lakini aliuliza kama anayetaka kujua kweli, huku akiipanga sahani kabatini. Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Mimi nilizaliwa mwaka 1981. Sikuwepo.

Usiku ule sikulala mapema. Nilivaa visikilizio nikausikiliza wimbo kwa makini ya mkaguzi, nikijipumzisha na wale wakaguzi wa kweli, na gita lile la solo likanifanyia lilichonifanyia siku zote, lakini suruali haikutokea. Nikajaribu kujitetea. Santuri ndogo za enzi zile zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi za dansi zilikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili. Ukumbini hakukuwa na mwisho wa namna hiyo, na wimbo ukishaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, mwimbaji aliweza kuongeza maneno kwa kadiri watu walivyokuwa wakicheza, akamtaja huyu, akamtania yule. Kwa hiyo iliwezekana kabisa kwamba Mbaraka aliimba suruali usiku mmoja hapa hapa Morogoro, akiwa na Super Volcano, bendi aliyoianzisha baada ya kuiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, na kwamba baba alikuwepo, akaudaka ubeti akaja nao nyumbani. Niliipenda hoja hii hata nikataka kumwamsha mtoto nimweleze, lakini saa zilikuwa zimeshafika saba za usiku, na tena swali lake lingebaki pale pale.

Jumanne ofisini, wakati mkaguzi akiniuliza habari za vocha iliyokosa sahihi, ndipo nilipojiuliza jambo ambalo sijui kwa nini sikulifikiria kwa miaka yote hii: mpiga gita na mifuko ya suruali wapi na wapi? Mtu anayehesabu mifuko ya suruali ni yule anayelipwa kwa kuitia. Nikachukua karatasi nikaupima ubeti kwa vidole, mizani, yaani silabi, nane kwa nane, hakuna iliyopungua wala kuzidi. Kazi safi, iliyokatwa kwa chaki na kufuatwa na mkasi bila kupinda.

Baba yangu, fundi wa Mji Mpya, aliyeishia darasa la nne na ambaye katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumwita msanii, alikuwa ametunga.

Sijui nieleze vipi furaha iliyoniingia. Nimeishi miaka yote nikiambiwa, na mimi mwenyewe nikirudia, kwamba sisi ni watu wa kazi za mikono na hesabu, na kwamba usanii ni wa watu wengine: wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, wa Mbaraka, wa Marijani Rajab ambaye aliitwa Jabali la Muziki na bado anastahili jina hilo. Hawa tunawakumbuka kwa namna tunayoijua: siku ya kumbukumbu ikifika redio inapiga nyimbo zao mbili, zile zile za mwaka jana, mtangazaji anasema pengo lao halijazibika, kisha yanafuata matangazo. Siku nyingine zote wanakumbukwa na watu kama baba, wanaowaimba vibaya, wanaosahau ubeti wa pili na kuweka wa kwao mahali pake, na sasa naona kwamba huenda huko ndiko walikoishi zaidi. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, na bado mwaka 1990 mtu alikuwa akimwimba mtaani kwetu huku akitia vifungo kwenye shati la mwalimu.

Na kama ni usanii, ningeweza kuuona mapema zaidi, maana niliuvaa. Sketi zangu za shule baba alizishona na pindo la kina cha kiganja, na kila Januari alilifumua akalishusha kidogo, hata nilipofika darasa la saba sketi ilikuwa na mistari mitatu iliyokolea rangi kuzunguka chini, na wenzangu waliweza kuhesabu nimekua mara ngapi. Nililia kwa mistari ile. Yeye akachukua lasi nyeupe iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, akaipitisha juu ya kila mstari, na wiki mbili baadaye wasichana wawili wa darasa langu wakaja dukani na mama zao kuulizia "sketi yenye mistari". Mwalimu wa zamu aliipiga marufuku kabla mwezi haujaisha, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kuna deni la kulipa hapa. Mwaka juzi, nilipoandika juu ya kuagwa kwa mhasibu wetu mkuu, niliunukuu ubeti wa suruali nikasema ni wa Mbaraka, na niliusoma hivyo mbele ya watu kwenye sherehe yenyewe. Walioniamini wanisamehe. Mzee mwenyewe aliupenda kiasi kwamba ameuweka kwenye WhatsApp yake chini ya picha, pamoja na jina la Mbaraka, na hadi leo upo. Nimeandika ujumbe wa kumweleza mara tatu nikaufuta mara tatu, kwa sababu sioni namna ya kumwambia mstaafu kwamba maneno anayojivunia si ya gwiji wa gita aliyekwenda kupiga Japani, kwenye maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, bali ni ya fundi aliyempunguzia suruali zake mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda kwa mama nikiwa nimejaa habari. Nilimkuta uani anachagua mchele, ungo mapajani, na sikumpa hata nafasi ya kuniuliza habari za njiani.

"Mama, ule ubeti wa baba wa suruali alitunga mwenyewe, au aliusikia ukumbini?"

"Tangu lini Mbaraka akashona suruali?" alisema, bila kuinua macho.

Nikacheka mpaka jirani akachungulia. Nikamwimbia, ili tuufurahie pamoja, na nilipofika mwisho mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Wa nne nini?"

"Umetoboka."

"Kutoboka kumetoka wapi, mwanangu?"

Nikamwambia kwamba ndivyo alivyokuwa akiimba. Mama akatikisa kichwa, akapepeta kidogo, na kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikumbuki kama nimewahi kuisikia kwake, akaimba mstari ule wa pili kwa namna aujuavyo yeye:

mitatu inazo shida, wa nne wako, mpenzi.

Kisha akaendelea kutoa mawe. Nami, kwa kuwa ugonjwa wa hesabu hauna dawa, vidole vilikuwa vimeshahesabu chini ya khanga: nane. Wa nne umetoboka ni nane, wa nne wako mpenzi ni nane, na hakuna mizani itakayonisaidia kujua ni upi uliotangulia na ni nani aliyeugeuza.

"Labda kwa sababu yetu," nikasema. "Asingeweza kuimba hivyo mbele ya watoto."

"Labda," akasema mama. "Alikuwa na haya, baba yako." Akaniuliza kama mtoto wa shemeji amepewa jina.

Nilipokuwa kwenye bodaboda kurudi Kihonda niliichukua hoja hiyo ya haya nikaitia mfukoni, nikaridhika nayo mpaka njia panda. Kisha ikaanza kunipungukia. Baba hakuwa mtu wa kuogopa neno mpenzi. Redio ilikuwa ikilisema siku nzima na yeye akiitikia. Nikajaribu kukumbuka ni lini hasa nilimsikia akiuimba ubeti ule, si kwa jumla bali siku zenyewe, na kila siku niliyoipata ilikuwa ni ya miaka ile mitumba ilipojaa sokoni, wakati shilingi mia chache zilimpa mtu suruali iliyokwisha kushonwa Ulaya, na waliokuja dukani kwetu walileta nguo za kupunguza kiuno tu na kukunja miguu. Kitambaa kipya kilikuwa kikiingia kwa sikukuu. Ninamwona amekaa kwenye cherehani yake ya miguu, magurudumu yamesimama, anafumua mshono wa suruali ya mtu mwingine iliyoshonwa na mashine, na anaimba. Mama aliujua ubeti wa kijana aliyekuwa na wateja. Mimi nimeujua ule wa baada ya hapo, na nimeuimba miaka yote hii nikicheka, nikidhani ni mzaha wa Mbaraka.

Au pengine niliukosea mimi. Dada yangu, nilipompigia, alisema kwamba mwisho ule yeye huupitisha kwa mluzi siku zote, hajawahi kujua maneno. Baba amelala makaburini Kola tangu mwaka 2009.

Nilimweleza binti yangu yote hayo jana, tukiwa jikoni tena, na nilitaka kumshukuru kwa lile swali lake ila nikashindwa pa kuanzia, kwa hiyo nilimwambia tu kwamba alikuwa amesema kweli, kipande hakipo kwenye wimbo. Akaniuliza sasa nitaimba upi, wa bibi au wangu. Nikamwambia bado. Akasema yeye anapenda wa kutoboka, kwa sababu unachekesha, na sikumwambia lolote.

Nimeandika yote haya nikiwa nimekaa chumbani kwake, maana yeye amehamia kwangu kwa siku mbili. Lile baka la maji kwenye dari, ambalo mwezi uliopita lilikuwa la ukubwa wa kisosi, sasa limefika ukubwa wa sinia, na katikati dari imeanza kushuka kidogo kama tumbo. Masika hayajaanza hata kuanza. Fundi bati nimempigia tangu asubuhi, simu inaita mpaka inakatika yenyewe, na nimeweka beseni juu ya kitanda ingawa hakuna mvua.