Mizingani, Mbele ya Nyumba ya Tharia Topan

Ukishuka boti ya Dar es Salaam pale Malindi, bandarini Zanzibar, huna haja ya teksi. Nilikaza begi mgongoni, nikawapita wabeba mizigo, na kitambo kidogo tu nilikuwa Mizingani nimeinua shingo kutazama roshani za Zahanati ya Zamani.

Mbao zake zimechongwa kama lesi. Nilipoingia ndani, jua lilipenya kwenye vioo vya rangi likaangukia sakafuni, nami nikasimama hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Aliyeanzisha jengo hili ni Sir Tharia Topan, tajiri Mhindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, nia ikiwa hospitali ya sadaka. Alifariki mwaka 1891 kazi haijaisha, ilikamilika 1894. Baadaye ikawa zahanati chini, na daktari akiishi juu. Baada ya Mapinduzi liliachwa, likachakaa vibaya.

Topan alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia, na aliyeliokoa jengo lake miaka ya 1990 ni imamu wa Waismailia, Karim Aga Khan, kupitia mfuko wake wa utamaduni. Marehemu huyo, aliyefariki Februari 2025, alitumia mali nyingi kwa majengo ya kale na sanaa ya ujenzi. Tuzo yake ya usanifu ilianzishwa mwaka 1977. Mimi namshukuru zaidi kwa chokaa iliyotumika kulikarabati jengo hili.

"Mwanangu, ukuta wa mawe ya matumbawe usiupake saruji," aliniambia fundi mmoja mzee niliyemkuta barazani. "Unyevu unanasa ndani, jiwe linaoza. Chokaa inauachia utoke."

"Sasa vijana wanajua, mzee?"

"Wachache. Kazi yataka subira."

Jioni nilitembea hadi Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na mfuko huohuo na kufunguliwa upya mwaka 2009. Wauza urojo na mishikaki walishawasha taa. Ng'ambo ya barabara ni Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Niliitazama na moyo ukaniuma. Natamani matajiri wa leo, hasa wanaovuna kutokana na watalii wa Mji Mkongwe, walipie mafunzo ya mafundi chokaa sasa hivi, kuta nyingine zingali zimesimama.