Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu wa Historia, Lamu

Saa kumi na moja alfajiri naamka. Swala, chai ya rangi, mahamri ya jana. Saa kumi na mbili na nusu nishatoka, napita vichochoro vya Langoni nikipishana na punda waliobebeshwa mchanga wa ujenzi. Jirani yangu mtu mzima huniuliza, "Waenda kuhadithia tena, mwanangu?" Wengi waiona kazi hii hivyo. Mwalimu ni wa hesabu na fizikia. Sisi wa historia twakaririsha tarehe tu. Basi nawaeleza siku yangu ilivyo.

Saa mbili hadi saa nne, Kidato cha Pili, biashara ya Bahari ya Hindi. Yapita salama. Wajukuu wa manahodha hawafundishwi kaskazi na kusi.

Saa nne na nusu, Kidato cha Nne, serikali ya Marekani. Silabasi yataka Kongresi, majimbo na mamlaka ya rais, na mimi siwezi kueleza hayo nikamruka Abraham Lincoln, rais wa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Niliandika ubaoni: Novemba 1860 achaguliwa kwa chini ya asilimia 40 ya kura. Machi 1861 aapishwa, majimbo 7 ya kusini yenye utumwa yamekwisha kujitenga. Baada ya waasi kuipiga mizinga Fort Sumter, ngome ya serikali, mwezi wa Aprili, yakafika 11.

Kijana wa dawati la nyuma akasimama. "Mwalimu, kama hawakumtaka, si angewaacha waende?"

Darasa likalipuka. Hapa Pwani swali hilo si la Marekani peke yake. Watoto hawa wamekua wakisikia "Pwani si Kenya", wito wa wanaotaka Pwani ijitenge. Mmoja akasema ndoa si ya kulazimishana. Msichana wa mbele akamkata: na watumwa karibu milioni 4, nani aliwauliza kuhusu hiyo ndoa? Yule kijana hakurudi nyuma. Alikuwa amesoma. "Mbona Lincoln mwenyewe aliwaacha watumwa wa Kentucky?"

Ni kweli. Tangazo lake la kuwaachia huru watumwa, la 1 Januari 1863, liliwataja watumwa wa maeneo ya waasi tu. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware yalikuwa na utumwa lakini yalibaki upande wake, na hakuyagusa. Nikachora ramani: Virginia imeasi kusini mwa Washington, na Maryland imeuzunguka mji pande zilizobaki. Maryland ikienda, rais amezingirwa ndani ya ofisi yake. Kazi yangu hapo ni kumzuia anayetaka kumfanya mtakatifu, na kumzuia pia anayetaka kumwita mwongo ili asifikirie zaidi. Nikawaambia kwamba chini ya Lincoln, wakati wa vita, watu walifungwa bila kushtakiwa, na kwamba Seward, Chase na Bates, aliowashinda katika kuwania tiketi ya chama, aliwapa uwaziri wote watatu. Kuhusu kufungwa bila kushtakiwa hawakuhitaji maelezo marefu. Wazazi wao waliishi kafyu ya 2014 hapa Lamu, amri ya kutotoka nje usiku, bahari ikapigwa marufuku usiku na wavuvi wakakaa nyumbani.

Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka. Nikawapa la mwisho: Agosti 1864 vita vimechosha nchi, Lincoln aamini atashindwa uchaguzi. Akaandika ahadi ya kushirikiana na mrithi wake kuuokoa Muungano kabla hajaapishwa, akaikunja, mawaziri wakatia saini nyuma ya karatasi bila kuisoma. Uchaguzi hakuuahirisha. Akashinda.

Kijana akanifuata hadi chumba cha walimu, tukabishana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa na wali wangu ukapoa. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini ubishi wa kweli huja kwa Kiswahili, na huo ndio unaoniacha sina sauti.

Mchana sijui ulipita vipi. Nilisimamia darasa la mwenzangu aliyekwenda Mokowe, nikajaza rejista, miguu ikiwaka moto.

Usiku nasahihisha. Kijana ameandika kurasa tatu, bado ashikilia kwamba Kusini ilikuwa na haki ya kuondoka, lakini ramani ya Maryland ameichora sawasawa na hoja ya Kentucky ameijadili kwa haki. Nimempa 12 kwa 15. Pembeni, kwa wino mwekundu, nimemrudishia swali la yule msichana, kwa sababu hakulijibu popote. Zimebaki karatasi za Kidato cha Pili.