Vijiti vya shangazi na tiara za Paje

Mgeni anayeitazama bahari ya Paje alasiri, maji yakiwa yamejaa hadi ukingoni, huona uwanja wa buluu usio na mwenyewe. Shangazi yangu, ambaye amelima mwani hapo kwa zaidi ya miaka 20, anajua kwamba chini ya maji hayo kuna safu za vijiti na kamba, na anajua kila safu ni ya nani. Ugomvi wa pwani ile ya mashariki ya Unguja, kwa maoni yangu, huanzia hapo: watu wawili hutumia mahali pamoja kwa saa tofauti, na kila mmoja ajapo humkuta mwenzake ameshaondoka.

Siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa tatu au saa nne asubuhi, nao wanawake hushuka kufunga mbegu na kuvuna. Ikifika saa kumi alasiri maji yamesharudi, na upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, umewaleta vijana wanaosimama juu ya mbao na kuvutwa na tiara kubwa. Wasingegombana kamwe laiti vijiti vingeondoka na wenyewe. Lakini hubaki: ubao hukata kamba, kijiti humchoma mgeni mguu, na pande zote mbili hulalamika kwa haki. Mwaka jana shangazi alipoteza kamba kadhaa zilizobakiza siku chache kutimiza wiki 6 za kuvunwa, wala hakulipwa na mtu, kwa kuwa shamba la mwani halina hati.

Hata hivyo mwani si mgeni pale. Ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989. Sasa joto la maji limeiathiri mno kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, hata wakulima wanashauriwa kuipeleka kwenye kina kirefu, ambako ndiko ziliko tiara na boti; na wengi wa wanawake hao (jambo ambalo washauri hulitaja kwa haraka) hawajui kuogelea.

Wataalamu wa mipango hupenda ramani: hapa hoteli, hapa wavuvi, hapa mwani. Ramani haijui bamvua wala maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana wala haijai sana. Wavuvi wa Kizimkazi na wa Kisiwa Panza, Pemba, wamewahi kufunga sehemu ya mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, kisha wakaifungua siku iliyokubaliwa; waligawana wakati, si eneo peke yake. Kalenda ya maji ikibandikwa katika kila hoteli na kila kituo cha kukodisha tiara ingefaa kuliko mstari uliochorwa ofisini, ilimradi wanaoipanga wawemo wakulima wa mwani wenyewe, kwani kamati za wavuvi za shehia kwa kawaida hujaa wanaume.

Baada ya hasara ile, mwalimu mmoja wa tiara alimwendea shangazi akamwuliza shamba lake linaanzia wapi na kuishia wapi. Wakafunga chupa tupu za plastiki kwenye vijiti vya pembeni, zielee maji yakijaa. Kwa msimu mzima wa kusi hakuna kamba iliyokatwa. Kaskazi ilipoingia mwalimu yule alikuwa ameshahama, akaja mwingine, naye akaziona chupa zile ni taka zilizonasa, akazikusanya.