Kadi Iliyokwisha Muda

Jumamosi, usiku

Leo nimeumbuka. Nashukuru tu kwamba walioona ni wachache.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa maktaba, karatasi za saini mkononi, nikiwazuia watu njiani kama kondakta asiye na basi. Hii ni wiki ya tatu. Halmashauri inataka siku za kufungua zipungue kutoka sita hadi mbili, na nafasi ya mkutubi ishikwe na watu wa kujitolea. Maneno ya kumwambia mpita njia nimeshayakariri, nayasema hata ndotoni. Akaja kijana wa shule, mkoba mgongoni, nikampa kalamu. Akasaini vizuri, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili, kisha akauliza bila ubaya wowote:

"Mzee, wewe huwa unakaa upande gani? Mimi nipo humu kila siku, sijawahi kukuona."

Nikababaika, nikasema huwa nakuja asubuhi. Uongo mtupu. Alipopita, nikaingia ndani na kutoa kadi yangu ya uanachama kwenye pochi. Plastiki imebanduka pembeni, na picha yangu ina nywele ambazo sasa sina. Mkutubi akaigeuza, akasoma tarehe, akacheka kimyakimya.

"Kaka, hii ilishakufa zamani."

"Haiwezi kufufuliwa, dada?"

"Haifufuliwi. Jaza fomu upya."

Nimekuwa nikiwaza jambo hili tangu mchana. Tunaipenda maktaba hii kama tunavyompenda shangazi tusiyemtembelea. Tukisikia anaumwa, tunakusanyika, tunachanga, tunalia. Ukituuliza mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa lini, kila mtu anaangalia viatu vyake.

Halmashauri ina hoja moja tu, nayo ni idadi ya vitabu vinavyoazimwa: imeshuka. Katika kamati yetu hoja hiyo tumeiita dharau, hila, na majina mengine ambayo sitayaandika hapa. Lakini ni kina nani hao walioacha kuazima? Ni sisi. Mimi ni mmojawapo wa walioishusha ile namba, halafu nikashika bango kuilalamikia.

Hata hivyo namba yenyewe haitoshi, na hilo nimelijua kwa kukaa na kuhesabu. Jumanne iliyopita mkutubi alinishauri niache hotuba, nikae karibu na mlango na daftari, kila anayeingia nimpigie mstari. Mistari minne, wa tano unakatisha. Kabla ya saa sita nilikuwa nimegeuza ukurasa. Wengi wao hawakuazima kitabu hata kimoja. Kuna mzee anayesoma gazeti kuanzia matangazo ya vifo, kwa kufuatisha mstari na kidole. Kuna wanafunzi wanaokuja kwa sababu nyumbani hakuna meza, au meza ipo ila na televisheni ipo. Kuna mama mmoja aliyefika na karatasi iliyokunjwa mara nne, anataka kujaza maombi ya kazi kwenye kompyuta. Mkutubi alisimama nyuma yake zaidi ya nusu saa, akimwonyesha herufi moja moja, wala hakumgusia kipanya hata mara moja. Mama alipobonyeza kutuma, wote wawili walivuta pumzi. Katika takwimu za halmashauri asubuhi ile ya yule mama ni sifuri, maana hakuondoka na kitabu.

Ndiyo maana hili la watu wa kujitolea linanikera kuliko hata siku kupunguzwa. Sina ugomvi na kujitolea. Mimi mwenyewe ninafanya nini pale mlangoni? Lakini wa kujitolea huja siku akiweza. Mkutubi anajua kwamba "kile kitabu cha jalada la kijani, kina mambo ya nyuki" kiko rafu gani, na anajua ni mtoto yupi ambaye hajaonekana wiki mbili. Ujuzi huo haupatikani kwa zamu za hiari.

Tajiri Andrew Carnegie aliliona jambo hili mapema, na simsifu bure. Namna alivyoupata utajiri wake ni habari nyingine. Kuanzia 1883 hadi 1929 fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali. Sharti lake la kawaida lilikuwa kwamba mji utoe kiwanja, na uahidi kutenga kila mwaka moja ya kumi ya gharama za ujenzi kwa ajili ya kuiendesha. Jengo nitawapa, uhai wake ni juu yenu. Nilipolisoma hilo kwenye kamati, mwenzetu mmoja alisema basi tumtafute tajiri wa kwetu. Hakuwa amesikiliza nusu ya pili.

Kisa kinachonikaa zaidi kichwani ni cha mji mdogo wa Uingereza, Stony Stratford. Januari 2011 maktaba yao ilikuwa katika hatari ya kufungwa kwa sababu ya kubana bajeti. Wananchi wakaambizana: twendeni tukaazime. Kila mwanachama aliruhusiwa vitabu 15. Wakaenda na mifuko, wakaenda na watoto, mpaka vitabu vyote vipatavyo 16,000 vikaisha na rafu zikabaki mbao tupu. Zamani nilikisimulia kisa hiki kama mzaha mzuri. Usiku huu nakiona kwa jicho jingine. Ili ufanye mgomo wa namna ile lazima uwe na kadi iliyo hai! Kamati yetu ingejaribu kesho, tungefukuzwa pale mezani kwa mkutubi, nami wa kwanza.

(Mwaka huohuo, kule Troy, Michigan, Marekani, waliotaka kuiokoa maktaba walijifanya wanaandaa sherehe ya kuchoma vitabu iwapo itafungwa. Watu wakashtuka, wakapiga kura kuinusuru. Kijana wetu mmoja alitaka tuige. Tulikataa kwa kauli moja, kwa hofu kwamba atatokea mtu aje na kiberiti kweli.)

Basi nimejaza fomu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na aibu na aibu inataka kazi, nikazunguka kwenye rafu. Nikasimama penye 896.392, namba ambayo mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, umeipa fasihi ya Kiswahili. Nilikuwa nimesahau jinsi vitabu vilivyoshikwa na mikono mingi vinavyonenepa. Nikavuta riwaya moja na kufungua nyuma, penye karatasi ya tarehe. Mihuri imepangana safu ya kwanza, safu ya pili, mingine imepinda kama aliyeigonga alikuwa na foleni mbele yake. Katikati ya safu ya tatu inakoma. Chini yake ni weupe tu.

Mkutubi akagonga muhuri wa leo kwenye ule weupe. Sauti ile niliikumbuka.

Jioni nimewaandikia wanakamati kwamba Jumatatu, kabla ya kwenda kuonana na diwani, kila mmoja aje na kadi yake na tuziweke mezani. Wawili wamekubali. Mmoja ameniuliza kama nimeanza kuwapima watu imani. Wengine wamesoma na kunyamaza, na ukimya huo naufahamu, kwa sababu hadi saa nne asubuhi leo ulikuwa wangu.

Sijui diwani atasema nini. Saini tunazo za kutosha, na daftari la mistari nitalibeba, ingawa mistari mingine inaonekana kama nilisinzia. Yule kijana nimemtafuta wakati wa kufunga nimwonyeshe kadi mpya, lakini alikuwa kwenye meza ya dirishani, kichwa ndani ya hesabu, nikaona nisimsumbue.

Kitabu kinarudishwa baada ya siku 14. Nimefika ukurasa wa tisa na macho yanafumba.