Ribe, kwa babu zetu wa Methodist

Matatu ya Kaloleni ilikaa stendi Mombasa hadi ikajaa pomoni, na tulipofika Mazeras tukabanwa na abiria wengine wanne. Nauli ilikuwa imepandishwa, konda akisema ni sababu ya sikukuu. Niliposhuka njia panda ya Ribe shati lilikuwa limelowa jasho, na wa boda boda akanitajia shilingi 400 kwa kipande ambacho mama niliyeshuka naye alilipa 100. Lafudhi yangu ya Meru ndiyo iliyoniponza. Tukavutana hadi 250, nikapanda huku moyo ukiniuma.

Sisi Wamethodisti wa Meru tumezoea kusema kanisa letu lilianza Kaaga mwaka 1912. Ni kweli kwa Meru. Lakini Ribe walikuwa na misheni tangu 1862, miaka 50 mizima kabla yetu, na mimi nimefika utu uzima bila kukanyaga pale. Hilo lilikuwa likinisumbua.

Kwenye makaburi ya wamisionari nilimkuta mama mmoja wa kanisa, leso imefungwa kiunoni, aking'oa nyasi kwa mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

Nilipomwambia Meru, akaacha nyasi zake, akasimama na kunitazama vizuri. "Basi u mjukuu wetu. Mbona mwachelewa hivyo kuja kutuona?"

Sikuwa na jibu. Akanishika mkono hadi kwenye kaburi la Rebecca Wakefield, akachota vumbi jekundu kiganjani na kulipaka juu ya jiwe, herufi zilizofifia zikajitokeza moja moja. Rebecca alifariki hapa mwaka 1873, hajafikisha miaka 30, muda mfupi baada ya kumzika mwanawe mchanga. Mama yule alinisimulia habari za mtoto huyo kana kwamba msiba ulikuwa wa juzi.

Mume wa Rebecca, Thomas Wakefield, aliletwa na Krapf, yule mmisionari Mjerumani tunayemsoma shuleni na habari za Rabai. Walitumwa na kanisa moja la Wamethodisti wa Uingereza lililojitenga na lile kubwa. Wenzake wa mwanzo hawakudumu: Mwingereza mwenzake aliugua akarudishwa kwao, Waswisi wawili wakaiacha kazi. Wakefield akabaki peke yake hadi Charles New alipofika mwaka 1863. Huyu New ndiye aliyepanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji mwaka 1871, na miaka minne baadaye naye akafa. Mwaka 1886 mmisionari mwingine, Houghton, na mkewe waliuawa kule Golbanti, Mto Tana. Ukisimama pale ukifikiri umri wao, unashindwa kusema.

Nilimuuliza mama, wale walikuja kufundisha nini hasa hata wakavumilia haya yote? Akahesabu kwa vidole vyenye udongo. Watu wote wanahitaji kuokolewa. Wote wanaweza kuokolewa. Wote wanaweza kujua kwamba wameokolewa. Na wote wanaweza kuokolewa kabisa, hadi upendo wa Mungu uwajae. Mambo hayo manne niliyakariri kabla ya kipaimara, nikapita mtihani, yakaishia hapo.

Pale Ribe yaliniingia kwa namna nyingine, kwa sababu mama aliendelea kunieleza kuhusu watumwa. Waliokimbia mashamba ya pwani walikuwa wakija usiku kutafuta hifadhi katika misheni za huku, na mabwana zao wakitishia kuja kuwachukua kwa nguvu. Ukiwa umehubiri Jumapili kwamba neema ni ya kila mtu, utamfungia mlango nani? John Wesley mwenyewe aliandika kupinga utumwa mwaka 1774, lakini kuandika ukiwa Uingereza ni jambo moja, na kumficha mtu nyumbani mwako ni jambo jingine. Mwaka 1888 ndipo kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani ilipowalipa mabwana fidia, na wakimbizi takribani 1,400 wa misheni za eneo hili wakawa huru. Baadhi ya wanaoimba kwaya leo, mama aliniambia, ni vitukuu vyao, wakiimba pamoja na Warihe, wenyeji wa Ribe, ambao babu zao walitoka kaya, makazi ya kale ya Wamijikenda msituni.

Nyumbani tuna Hospitali ya Maua, tuna chuo kikuu, tuna harambee za vigae na spika kubwa kila mwaka. Ninayafurahia yote. Lakini sijawahi kusikia bahasha ya sadaka kwa ajili ya Ribe ikitajwa hata Jumapili moja, na makaburi haya yanapaliliwa na mama mmoja kwa mikono yake. Nilimwachia kidogo nilichokuwa nacho. Alikataa mara mbili kabla ya kupokea. Nimeshamwambia mchungaji wetu kwamba darasa lijalo la kipaimara lipelekwe Ribe kabla ya kuwekewa mikono. Amesema basi ni ghali. Nimeanza kukusanya nauli.